Konsiansi ya Pasta Ruffin Imetuharibia Soko

Kashikishi, kando ya Ziwa Mweru
Mwezi wa saba, wiki ile komisyo yako iliporudi Mansa

Kwa Baba Askofu Hugues,
Makao Makuu ya Kanisa la Moto Mupya wa Pentekoste, Mansa

Jambo: Ombi la kubadilishiwa Pasta, ao angalau kumupunguzia konsiansi (dhamiri)

Baba Askofu mupendwa katika Bwana,

Ninakusalimu kwa heshima zote, pamoja na Mama Askofu na wote wanaokula mezani kwako. Mimi ni Mama Cadette Mukalay wa komite ya kanisa la Kashikishi. Utanikumbuka: ndiye niliyekupikia siku ulipokuja kubatiza, ukasema samaki ilikuwa na chumvi mingi. Ilikuwa na chumvi mingi, ni kweli. Sikukasirika.

Nilivuka kutoka upande wa Pweto na watoto watatu na sufuria moja, sufuria yenyewe ikiwa na kifuniko cha sufuria ingine. Wakanipa kiwanja Mantapala, katika kambi yetu ya wakimbizi. Nikalima muhogo, muhogo nikaugeuza samaki, samaki nikaigeuza muhogo tena, mara mingi, mpaka leo nina mikeka sita ya kuanikia chisense, wale samaki wadogo kama dagaa, hapa bandarini na nusu ya mutumbwi. Nusu ingine ni ya Ba Lackson, shemasi wetu, mwenyeji wa hapa, ambaye pia anatafsiri mahubiri ya Pasta kwa Kibemba. Tangu tuununue hatujapatana bado ni nusu ya nani yenye injini. Ninaeleza haya ili ujue kwamba anayekuandikia si mutu wa fujo. Ni mutu wa hesabu.

Kominike yako tuliipokea. Inasema kwamba Pasta Ruffin asipotia mukono kwenye Ahadi ya Mafundisho kabla ya mwezi huu kwisha, atavuliwa upasta, na yeye pamoja na bibi yake, Mama Marthe, watatoka katika nyumba ya kanisa. Ninaandika kukuomba, Baba Askofu, usingoje mwezi kwisha. Mutoe sasa. Akikaa hata wiki mbili zaidi, sisi wengine hatutakuwa na kitu cha kula. Sababu zetu ni hizi zifuatazo.

1. Kusoma kwa sauti.

Kwa miaka kumi na moja Pasta Ruffin alikuwa anatia mukono kwenye Ahadi hii kule kwenye konvensio, mukutano wa wapasta wote, bila shida yoyote. Wapasta wanapanga mustari, kila mumoja anapewa kalamu, anapigiwa tampo, ule muhuri wa kanisa, anapewa soda na mukate, anaenda zake. Hakuna aliyesoma. Ni karatasi yenye artikle, yaani vifungu, kumi na mbili, maandishi madogo kama macho ya chisense, na nyuma yako kuna pasta mwenzako mwenye kiu. Mambo yalikuwa yanaenda muzuri kabisa.

Mwaka huu mukaamua kwamba kila pasta aisome Ahadi kwa sauti, artikle kwa artikle, mbele ya kundi lake mwenyewe, ndipo atie mukono. Unisamehe, Baba, lakini kosa lilianzia hapo kwenu. Mutu hasomeshwi kitu ambacho anatakiwa tu kukikubali. Sisi wauza samaki tunajua: muteja akianza kuingiza mukono mpaka chini ya gunia, hapo biashara imekwisha.

Pasta alisoma ya kwanza mpaka ya nane kama mutu anayeteremuka kilima, Ba Lackson nyuma yake kwa Kibemba, sisi tunasema amina. Akafika artikle ya kenda, ile inayosema kwamba mutu ambaye hajasema kwa lugha za Roho, huyo hajapokea Roho Mutakatifu. Akaisoma. Akageuza shingo, akaangalia ngoma.

Kwenye ngoma alikuwa Misheck.

Kama hukumbuki, Misheck ni kiziwi na bubu tangu tumbo la mama yake. Ngoma anaipiga akiwa ameweka muguu mutupu juu ya ubao wa jukwaa, wimbo unamuingia kwa kisigino, na hajapata kukosea. Lakini hajasema neno hata moja maishani, la lugha yoyote, hata la kuomba maji. Na akianza leo kwa lugha ya malaika, itakuwa ni kutukosea heshima sisi ambao tunamungojea kwa Kibemba tangu zamani.

Pasta alimuangalia sana, mpaka Misheck akafikiri anaagizwa, akapiga mara moja: du. Pasta akarudisha macho kwenye karatasi, akasema: "Hii siwezi."

Ba Lackson akatafsiri kwa "hapana" ya Kibemba: "Awe."

Wamama wa mbele wakasema amina, juu ya mazoea.

2. Sababu yake, ambayo haihusu karatasi.

Nilimufuata nyumbani kwake jioni, kwa upole, kumuuliza ni nini kinamukaza. Mama Marthe alikuwa anachagua mawe kwenye maharagi. Pasta akaniuliza: "Mama Cadette, wewe ulibatizwa wapi?" Nikamujibu, hapa ziwani, Pasta, na wewe mwenyewe ndiye uliyenizamisha mpaka nikameza maji. Akasema: "Na upande wa kina alisimama nani?"

Hapo alinikamata, ninakubali. Kwetu hapa ubatizo uko na kawaida yake. Pasta anasimama katika maji ya kiuno. Mubatizwa yuko katikati. Na ng'ambo ya mubatizwa, upande wa kina, upande ambao mamba anatokea, anasimama Misheck na kasia mukononi, maji yako kifuani, uso ameuelekeza ziwani. Sisi sote wa kanisa hili tumezaliwa mara ya pili katikati ya Pasta na Misheck. Hata wewe, Baba Askofu, siku ile ulipobatiza nilikuona ukimupungia mukono asogee karibu yako zaidi. Na ulifanya muzuri. Mamba hana habari na cheo cha mutu.

"Sasa niandike kwamba mutu huyo hana Roho," Pasta akasema, "halafu Jumapili, Siku ya Mungu, nimuonyeshe tena kwa kidole aende kusimama kule?"

Nikamwambia, Pasta, hakuna anayesema Misheck asisimame. Kusimama atasimama. Hapa tunazungumuza karatasi tu. Nikamufanyia hesabu: sisi waumini ni mia moja na arobaini, wanaosema kwa lugha ni mia moja thelathini na kenda, anayepungua ni mumoja tu. Kwenye gunia la chisense kunaingia muchanga kupita hapo na hakuna anayelia. Pasta akasema Misheck si muchanga. Jiwe ambalo Mama Marthe alikuwa amelishika alilitupa karibu sana na muguu wangu.

Sikukata tamaa. Nikapendekeza kwamba tumukopeshe Misheck kwa Wakatolika siku moja kila mwaka, ile siku ya kutia mukono. Siku hiyo artikle ya kenda itakuwa kweli tupu katika kanisa letu lote, hakuna atakayedanganya, na kesho yake tunamurudisha. Nilikwenda hata kuuliza. Katekista wao akasema watamupokea na furaha, ila hawaahidi kumurudisha, kwa maana wao ngoma yao inapigwa na mutu mwenye masikio mawili na bado anakosea.

Kwa hiyo utaona, Baba, kwamba komite ilifanya kazi. Anayekataa kusaidiwa ni Pasta.

3. Komisyo na lugha saba.

Ulipotuma komisyo ya Bwana Watson, mutaalamu wa lugha za Roho, na Mama Florentine wa kuandika, nilisema Makao Makuu sasa wametumia akili. Walikuja kuhakikisha kama Misheck hana lugha kweli, ao tulikuwa hatujamusikiliza vizuri. Walimukuta kwenye mikeka yangu, ambako ananisaidia kuuza, anageuza samaki. Bwana Watson akasimama mbele yake na suti, akafumba macho, akanyoosha mikono, akaomba kwa nguvu mpaka kunguru wakaziacha chisense.

Misheck aliona mutu mukubwa amesimama mbele ya mikeka, anatoka jasho, anachezesha mudomo. Akamufanyia kile anachomufanyia kila mutu anayesimama pale: akanyoosha vidole vitano, halafu viwili. Halafu akafunga ngumi.

Bwana Watson akaanguka magoti juu ya magamba. Akalia. Akamwambia Mama Florentine: "Andika, mama, andika! Lugha saba! Na ya nane imefungwa kwa muhuri!"

Baba Askofu, tulikuwa tumemaliza! Mia moja na arobaini juu ya mia moja na arobaini. Kanisa gani jingine la ziwa hili linafika hesabu hiyo? Wamama wakapiga vigelegele mpaka bandarini wakafikiri kuna ndoa. Misheck mwenyewe alifurahi, juu alifikiri amepata muteja. Ilibaki Pasta atie mukono tu, tule. Kuku alikuwa amekwisha kunyonyolewa, na alikuwa kuku wangu.

Ndipo Pasta Ruffin, ambaye hakuulizwa na mutu yeyote, akasema: "Bwana Watson, samahani. Vidole saba, maana yake amebakiza meda saba, vipimo saba, za chisense. Na ngumi, maana yake hatoi mbasela ya kuongeza juu."

Bwana Watson akamuangalia kwa huzuni, bado yuko chini kwenye magamba, akamuuliza polepole: "Pasta, una hakika?" Utaona walimupenda kiasi gani. Walimupa na nafasi ya pili. Alitakiwa kusema tu kwamba hana hakika. Wewe unajua wapasta wangapi wasio na hakika, na wanakula vizuri. Yeye akasema: "Nina hakika. Jana alinionyesha vidole kenda."

Kuku tulimula, na Misheck alipewa paja kwa sababu hakuna aliyejua namna ya kumueleza kwamba amerudi kuwa hana Roho.

4. Meda. (Hapa ndipo penye uchungu wangu.)

Meda, Baba Askofu, ni bati tunalopimia samaki. Kila meda ya Kashikishi imegongwa chini ikaingia ndani, kama tumbo la mutu aliyelala na njaa. Ya kwangu niliigonga mwenyewe, kwa nyundo na kwa ufundi, inakula kiganja kimoja na nusu na ukiiangalia kutoka juu hutaona kitu. Muuzaji anajua. Muteja pia anajua. Ndiyo maana muteja akishapimiwa anasema, "Mama, mbasela," ile ambayo sisi Wakongo tunaita matabish, na muuzaji anamuongeza kiganja kizima huku akilalamika. Kiganja kinachotoka juu kinalipa kile kilichobaki chini. Nusu inayopungua ni mushahara wa nyundo. Kila mutu anakwenda kwake akifikiri amemushinda mwenzake. Ninakuuliza kwa heshima, ni serikali gani imepata kuleta amani kama hiyo?

Siku ile Pasta aliposema hawezi, Mama Eness, mwenye mikeka karibu na yangu, alirudi sokoni, akageuza meda yake, akaigonga kutoka ndani mpaka chini ikanyooka kama meza. Nikamuuliza, Mama Eness, umeingiwa na nini? Akasema kwa heshima: "Kama Ba Pasta hawezi, na mimi siwezi, mukwai."

Wateja wakaja. Akawapimia meda iliyojaa kweli. Wakasema, mbasela. Akawaeleza kwamba mbasela imekwisha kwa sababu wizi umekwisha. Mwe Lesa, ee Mungu! Miaka yote alipokuwa anaiba walimuita Mayo Eness, mama wa watu. Siku ya kwanza ya haki wakamuita muchoyo, na mumoja akasema kwa sauti: "Huyu tangu kanisa lao lichangamuke amekuwa mwizi!" Ikabidi awape mbasela yao juu ya meda iliyonyooka. Sasa soko lote linapanga mustari kwake. Wauzaji wengine sita wamenyoosha meda zao, wanasema ni konsiansi, lakini mimi ninaona ni woga. Na mimi nimebaki na meda yangu ya ufundi, ninaipanguza vumbi kila asubuhi.

Baba, mutu anayefundisha upendo hatakiwi kuachiwa avunje kitu ambacho watu wamekijenga kwa miaka.

5. Ugonjwa kusambaa.

Ugonjwa huu ungekaa sokoni tu, ningenyamaza. Jairos, dereva wa lori la Mantapala, zamani alikuwa anaita: "Tunaondoka sasa hivi, sasa hivi!" Watu wanapanda, lori linajaa, tunaondoka saa nane. Sasa anasimama pembeni na kusema ukweli: "Nitaondoka nikijaa. Labda leo." Watu wakisikia hivyo hawapandi. Kwa kuwa hawapandi, lori halijai. Nimekaa juu ya magunia yangu ya muhogo ninaangalia mutu musema-kweli akila karanga mpaka jua linazama.

Kunda, ambaye ushuhuda wake wa kumushinda mamba kwa jina la Yesu ulikuwa unaleta wageni kutoka Mofwe na mpaka Mwansabombwe, alisimama Siku ya Mungu iliyopita, akapanguza jasho, akasema kwamba amefikiri tena, na kwamba labda lilikuwa gogo. Akakaa. Wageni wakaangaliana. Sadaka ya siku hiyo sitaizungumuza.

Kwaya iko na wimbo mumoja wa kusema kwamba hatuogopi kitu chochote chini ya jua. Febby, mwenye sauti ya kwanza, amekataa kuuimba mpaka waongeze "isipokuwa kiboko". Wameongeza. Haiingii katika mapigo. Misheck analazimika kupiga mara mbili za bure, na unajua yeye hajui ni kwa nini.

Halafu tulimuzika muzee mumoja, jina lake nitaliacha, ambaye hata mbwa wake alikuwa anakula kwa jirani. Zamani tungesema alikuwa nguzo ya kijiji, tungelia, tungekula. Safari hii kila aliyeitwa kumusemea marehemu alisimama, akafikiri, akakaa. Mwishoni Ba Lackson akasimama, akavua kofia, akasema: "Alikuwa murefu." Watu wote wakasema amina kwa nguvu, kwa sababu ilikuwa kweli.

6. Nyumbani kwangu.

Bwana yangu Ambroise, nimeishi naye kwa amani tangu ujana, nilimuuliza juzi kama bukari, ugali wetu, ni muzuri. Aliomba apewe nafasi ya kufikiri. Bado anafikiri. Ninaongeza hii ili ujue kwamba jambo hili si la dini peke yake.

7. Kitanda.

Tangu kominike yako ifike, Pasta ametoa kitanda chake nje, chini ya ukingo wa paa la nyumba ya kanisa, na sufuria za Mama Marthe, na koti lake la kuhubiria likiwa limetundikwa kwenye musumari wa ukuta wa nje. Nilimuuliza ni nani amekufukuza. Akasema hakuna, lakini nyumba ni ya wale wanaoamini artikle zote kumi na mbili, na yeye anaamini kumi na moja, kwa hiyo haoni vizuri kulala ndani. Nikamwambia, Pasta, lala basi katika sehemu kumi na moja za nyumba! Hakucheka. Mama Marthe alicheka kidogo, halafu akageuka upande.

Sasa kitanda kile kiko kwenye njia yenyewe ya kwenda bandarini. Kila mwanamuke anayepita asubuhi na karai kichwani anaona Pasta wake amejifunika blanketi nje kama mutu aliyekosa pasi ya kambi. Wakimbizi wenzangu ndio wanaumia zaidi. Sisi tulilala nje vya kutosha, Baba Askofu. Tulipofika huku tulisema imekwisha. Mutu akishaona kile kitanda, akifika sokoni, anapima meda ileile mara mbili. Huwezi kufanya biashara hivyo.

Kwa sababu hizi zote, komite inaomba kama ifuatavyo.

Kwanza, mutuletee Pasta asiye na konsiansi. Na musiseme hamuna. Artikle ya kenda imetiwa mukono na wapasta wote wengine wa jimbo, na ninajua kwa hesabu kwamba hakuna kanisa lisilo na bubu wake, ao mama muzee mwenye aibu, ao mutu ambaye anaomba kimya na ndiye wa kwanza kufika penye musiba. Wale wapasta wote walisoma kwa sauti na sauti haikusimama. Tupeni mumoja wao, yeyote, hata aliyetumika.

Pili, ikiwa ni shida, mutupe mwenye konsiansi ya Siku ya Mungu tu, ambayo inavuliwa pamoja na koti.

Tatu, ikiwa hata hiyo ni shida, basi wapasta wasitie mukono tena. Tampo itie peke yake. Tampo imetumika katika biro zote za serikali ya Kongo tangu wakati wa Wabeleji na haijapata kulala vibaya hata siku moja.

Na lori la kuchukua vitu vya Pasta litumwe haraka. Ila lisiwe la Jairos, maana halitaondoka.

Umusalimie sana Mama Askofu, dereva wako, na muzee anayefungua geti. Umusalimie Mama Florentine, mwandiko wake ni muzuri. Umuulizie Bwana Watson magoti yake, magamba ya chisense yanakata. Apakae mafuta ya mawese. Wote wa Kashikishi wanakusalimia, wale mia moja thelathini na kenda kwa mudomo, na yule mumoja kwa mukono.

Ni mimi, mwenye kukutii na mwenye kupata hasara,

Mama Cadette Mukalay
wa komite

Nyongeza. Baba Askofu, barua hii ilitakiwa kufika na mikono mitano ya komite. Kwa kufuata kanuni yako mupya, niliisoma kwanza kwa sauti mbele yao, kanisani, tangu juu mpaka chini. Mama Eness alisema nimuongezee kwamba meda aliinyoosha na muchi wa kutwangia, asije akasemwa kwamba alitumia nyundo yangu. Kunda alisema tuondoe "labda", lilikuwa gogo. Ba Lackson alisema nusu yenye injini ni ya kwake, nikaendelea kusoma. Misheck alikuwa ameketi mulangoni na muguu wake juu ya ubao, anasikiliza barua kwa kisigino.

Nikafika kwenye ombi la kwanza. Nikasoma "mutuletee Pasta", na sauti yangu ikasimama hapo. Nikajaribu tena. Nikasema: "Hii siwezi."

Ba Lackson akatafsiri.

Kwa hiyo barua inakuja bila mukono wa mutu hata mumoja. Hilo jina langu hapo juu ulichukue kama habari tu. Ninaituma kwa sababu karatasi ilikuwa imekwisha kuandikwa, na mimi si mutu wa kutupa kitu. Kitanda cha Pasta tulikirudisha ndani sisi wenyewe, Pasta akiwa bado amekilalia na anapinga. Meda yangu nimeinyoosha, imeniuma, na mbasela ninatoa nusu kiganja, tutaona.

Siku ya Mungu ya mwisho wa mwezi huu tuko na wabatizwa kumi na wawili. Pasta atasimama pale pake na Misheck pale pake. Kama unataka kuja kumuvua upasta siku hiyo, karibu sana, nitakupikia na chumvi kidogo. Lakini itabidi uingie majini, na nafasi iliyobaki ni ule upande wa kina, kando ya Misheck.

Ama ufunguo wa nyumba ya kanisa, ambao kominike inasema urudishwe Mansa, tumeupa Misheck autunze. Ameufungia katika ngumi. Mumutume tu Bwana Watson amuulize. Yeye ndiye anayesikia lugha zake.